Kuingia kuna siku zake, kutoka hakuna

Huku kwetu ikitokea kesi ya mtu asiye na akili zake timamu, maneno ya barazani ni yale yale, kwamba huyo wampeleke tu akapimwe, akionekana hamnazo ataachiwa aende zake. Wengine wanayasema kwa hasira, wanaona wazimu ni njia ya kukwepa kesi, na wengine wanayasema kwa matumaini, khasa kina mama, mana mama akiambiwa mwanao kachoma au kapiga au kaua kitu cha mwanzo anachokishika ni hicho, mwanangu mgonjwa, watamuonea huruma. Mie nafanya kazi ya usaidizi wa sheria huku Pemba na nimewaona wote wawili wakishangaa, mwenye hasira na mwenye matumaini, kwa sababu kinachotokea baadae sicho alichokitegemea hata mmoja wao. Mtu ambaye mahkama imesema hawezi kubebeshwa hatia kwa sababu ya maradhi ya akili anaweza kukaa ndani muda mrefu kuliko yule aliyekutwa na hatia kwa kosa lile lile. Mwenye hatia anapewa namba, miezi sita, miaka miwili, miaka mitano, anaijua, na mama yake anaijua na anahesabu. Mgonjwa hapewi namba.

Hilo ndo linalonikera na ndo nnaloandikia leo. Sisemi kama watu hawa waachiwe ovyo, wala sisemi madaktari wetu hawajali, wengi nnaowajua wanajali kupita kiasi. Nnachosema ni kwamba sheria za kumtibu mtu kwa lazima baada ya kosa zimeandikwa na watu waliofikiria sana mlango wa kuingilia, nani aamrishe, nani apime, ripoti iandikwe vipi, na mlango wa kutokea wakauacha hivi hivi.

Kwanza lazima tutafautishe mambo mawili, mana yakichanganywa (na yanachanganywa kila siku, hata na watu waliosoma) kesi nzima inaharibika. Kuna akili ya leo na kuna akili ya siku ile. Akili ya leo ni hii: mshitakiwa kasimama mbele ya hakimu, anajua hapa ni mahkamani? Anaelewa kashitakiwa nini, anaweza kumueleza wakili wake kilichotokea, shahidi akisema uongo anaweza kumgundua na kumuuliza suali? Kama hawezi basi kesi haiendi, inasimama, anapelekwa kutibiwa kwanza, na akipata nafuu anarudishwa kesi iendelee. Kwa hiyo hapo hajaachiwa wala hajahukumiwa, yuko katikati. Akili ya siku ile ni jambo jengine kabisa. Huyu leo anaweza kuwa mzima, anaongea vizuri, anakusalimia kwa heshima zote, lakini suali ni je, wakati anafanya lile tendo alikuwa anajua anachokifanya, na alikuwa anajua kuwa hakitakiwi? Sheria inaanza kwa kudhani kila mtu ana akili timamu, kwa hiyo anayedai maradhi ndo mwenye kazi ya kuyathibitisha, ingawa hatakiwi kuthibitisha kwa kiwango kile kizito cha upande wa mashtaka, inatosha ionekane kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi alikuwa mgonjwa kuliko kwamba hakuwa. Akifanikiwa, mahkama inatoa uamuzi maalumu, tendo kalifanya lakini kwa sababu ya maradhi hana hatia. Watu wakisikia "hana hatia" wanadhani mlango umefunguliwa. Hapana. Kuanzia hapo anawekwa chini ya ulinzi kama mhalifu mgonjwa, na taarifa inapelekwa juu kwa mwenye mamlaka serikalini aamue awekwe wapi, na mpaka lini hakuandikwi.

Bara mambo haya yamo kwenye sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, Sura ya 20, na mwenye kuamua huko juu ni waziri. Sie Zanzibar tuna mahkama zetu na sheria zetu, ya adhabu na ya mwenendo wa jinai zote zilifanywa upya 2018, lakini ukizisoma hizi zetu na za Bara na za Kenya unaona wazi ni watoto wa baba mmoja, na baba mwenyewe ni Muingereza.

Na huyo baba naye alizipata vipi? Mwaka 1800 askari mmoja aliyejeruhiwa vibaya kichwani vitani, James Hadfield, alimpiga risasi mfalme George wa Tatu ndani ya jumba la maonyesho la Drury Lane kule London, akamkosa. Wakili wake akaonesha mahkamani kwamba mtu huyu akili zimeharibika, na baraza la wazee wa mahkama, wale raia wanaoamua hatia, likamuona hana hatia. Sasa serikali ikashtuka, tunamfanya nini huyu, tumuache aende zake nyumbani? Bunge likatunga sheria mwaka ule ule, mtu wa namna hii awekwe ndani mpaka mfalme apendezwe kumtoa. Hadfield alikufa 1841, bado yuko hospitali ya Bethlem. Kisha ikaja kesi ya Daniel M'Naghten 1843, yeye alimuua Edward Drummond, katibu wa waziri mkuu Robert Peel, inasemekana alidhani ndo Peel mwenyewe, na majaji walipoulizwa na bunge wakaandika kanuni ambazo mpaka leo ndo zinazotumika katika nchi nyingi alizozitawala Muingereza, hilo suali la kujua unachokifanya na kujua kuwa ni kibaya. M'Naghten naye hakutoka, alihamishiwa hospitali ya wahalifu wagonjwa ya Broadmoor 1864 akafa mwaka uliofuata. Kwa hiyo tukiuliza kwanini sheria yetu ina mlango wa kuingilia tu, jawabu ni kwamba tokea asili yake ilitungwa kwa khofu ya mtu aliyempiga risasi mfalme, na haikutungwa kwa kumfikiria kijana wa Pemba aliyechoma ngarawa.

Ngarawa nimeitaja makusudi. Nitaeleza kesi moja, nimebadilisha vitu asitambulike mtu.

Kijana ni mvuvi. Kwa miezi alikuwa halali, anazungumza peke yake, anamwambia mama yake kwamba ngarawa ya jirani usiku inaleta watu wa kuja kumchukua. Nyumbani walifanya kila walichokijua, alisomewa, alinyweshwa kombe, alipelekwa kwa mganga fedha zikaenda na mbuzi akaenda, hospitali alipelekwa pia akapewa vidonge, vikamkaza shingo akaona wanataka kumuua, akaviacha. Usiku mmoja akaichoma ile ngarawa. Hakujeruhiwa mtu alhamdulillah, lakini ngarawa kwa mvuvi ndo riziki yote, kwa hiyo msiione ndogo. Akakamatwa, akafikishwa mahkamani, akawa anamjibu hakimu kwa kuimba. Hakimu akafanya kilichotakiwa, akasimamisha kesi akaamuru achunguzwe.

Kuchunguzwa maana yake kuvuka maji. Hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu iko Unguja mjini, na mtu wa Pemba kuvukishwa kunataka mpango, kunataka askari wa kumsindikiza, kunataka nauli za boti, barua, nafasi ya kitanda. Bara ile sheria ya mwenendo wa jinai inampa daktari siku 42 kumchunguza mshitakiwa na kuipeleka ripoti mahkamani, na mie nnazipenda hizo siku 42, ni wiki sita, zinamtosha daktari kumuangalia mtu anavyolala na anavyokula na sio kumuuliza maneno mawili tu. Lakini siku hizo zinaanza kuhesabiwa pale mtu anapokuwa ameshafikishwa hospitali. Anaposubiri kufikishwa hakuna hesabu. Na anaposubiri anasubiria wapi? Chuo cha Mafunzo, ndo jina la gereza huku Zanzibar, pamoja na mahabusu wengine, mtu aliyejaa khofu kwamba kuna watu wanakuja kumchukua, sasa kweli kachukuliwa na watu.

Wakati huo mama yake ananipigia.

"Mwanangu, wamenambia bado ripoti."

"Ripoti ya nani, mama? Ya daktari au ya polisi?"

"Sijui mie. Wamenambia ripoti."

Yule mama anajua kusoma, na karafuu anazihesabu mpaka punje ya mwisho, sio mtu wa kudanganyika. Ila hakuna aliyekaa naye kitako akamwambia mama, kesi ya mwanao imesimama hapa, kinachosubiriwa ni hichi, kikija kitafuata kile. Nimekuja kuona kwamba nusu ya mateso ya familia hizi ni hiyo tu. Mtu aliyefungwa miaka mitatu familia inajipanga. Mtu anayesubiri ripoti familia haiwezi kujipanga, haijui iuze kitu au isiuze, haijui mke aendelee kusubiri au arudi kwao.

Alipofika hospitali, niseme ukweli, walimtibu. Alikuja nesi mmoja akampigia mama simu kwa vocha yake mwenyewe kumwambia mwanao leo kala na kaulizia habari zako. Ndo mana sipendi watu wanaposema hospitali ya vichaa kwa kejeli. Madaktari bingwa wa akili visiwani ni wachache mno, na sensa ya 2022 imetuhesabu watu 1,889,773, na hao hao wachache ndo wa wodi, ndo wa kliniki, na ndo wanaotakiwa kuandika ripoti za mahkama na kwenda kuzitetea mbele ya mawakili.

Kuhusu hizo ripoti. Ya kwanza ilivyokuja ilisema mshitakiwa amepata nafuu na anaweza kuendelea na kesi. Vizuri. Lakini hiyo imejibu suali la leo. La siku ile haikuligusa, na wala daktari hana kosa, mana amri ya mahkama iliyompelekea haikumuuliza hilo. Kwa hiyo kesi ikaanza, wakili akasema mteja wangu siku ile alikuwa mgonjwa, mahkama ikasema haya, iko wapi ripoti ya siku ile? Ikabidi ombi la pili, kusubiri kupya. Jambo ambalo lingemalizwa kwa sentensi moja zaidi katika ile amri ya mwanzo liliongeza miezi. Nimelisema hili kwa kila wakili kijana nnayekutana naye na nitaendelea kulisema, ukiomba mteja wako akachunguzwe omba yote mawili kwa pamoja, akili ya leo na akili ya siku ile, na iandikwe hivyo kwenye amri yenyewe.

Na hiyo akili ya siku ile daktari anaijuaje, hakuwepo? Anauliza. Anamuuliza mgonjwa, na akiwa mzuri anawauliza waliokaa naye, alikuwa analala, anakula, lini alianza, nani wa mwanzo kuona. Hapa Pemba kuna kitu ambacho daktari aliyesomea mbali anaweza kuteleza nacho, mana suali la kwanza la vitabu ni "unasikia sauti, unaona watu wasioonekana?", na huku hilo suali ukimuuliza mtu mzima yeyote atakupa jawabu refu, shangazi yake ana pepo, yeye mwenyewe alipokuwa mdogo aliona kitu mtoni. Imani ambayo mtaa mzima unayo haihesabiki kuwa ni maradhi, hilo vitabu vya tiba vyenyewe vinasema. Mahkama za Afrika Mashariki nazo tokea zamani zimekataa kusema kwamba anayeamini uchawi ni mwendawazimu kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo daktari anatakiwa ajue pale mtu alipotoka kwenye imani ya wenzake akaingia kwenye yake peke yake. Kwa yule kijana, aliyelieleza hilo kuliko yeyote ni mama yake. Alisema, majini sie tunayajua, lakini hili la watu wa ngarawa halijui mtu yeyote ila yeye. Nilimuomba aliseme hivyo hivyo kwa daktari.

Upande mwengine kuna hatari tafauti, kwamba kila anachokisema mgonjwa kinachukuliwa ni wazimu. Ujerumani kulikuwa na kesi ya Gustl Mollath, alishitakiwa kumpiga mkewe, akawa anasema mkewe na wenzake wa benki wanahamisha fedha za watu kwenda Uswisi kwa siri, ikaonekana ni ndoto zake, 2006 akaamriwa kuwekwa hospitali. Baadae ikajulikana benki yenyewe ilishafanya uchunguzi wa ndani na ikakuta sehemu kubwa ya alichosema ni kweli. Alitoka 2013, na 2014 kesi ikasikilizwa upya akaachiwa. Ujerumani, nchi yenye madaktari na majaji wa kutosha na yenye kupitia upya mafaili ya watu hawa kila mwaka. Sasa pahala ambapo faili halipitiwi upya kwa tarehe, nani atagundua?

Twende kwenye tiba yenyewe, mana watu wanaona haya kuizungumza. Tiba ya lazima maana yake mtu anakataa sindano na anachomwa. Kuna wakati ni lazima kweli, mtu anajiumiza au anaumiza wengine, na mie siwezi kusimama mbele ya familia iliyoteseka nikasema aachwe. Lakini kuwekwa ndani kwa lazima na kutibiwa kwa lazima si jambo moja, na kwetu yanachukuliwa kama jambo moja, ukishapokelewa kwa amri ya mahkama basi mwili wako pia umepokelewa. Marekani hilo lilifika mpaka mahkama yao ya juu kabisa 2003, kesi ya daktari wa meno anaitwa Charles Sell, serikali ilitaka kumpa dawa kwa nguvu ili apone asimame kizimbani. Majaji wakasema inawezekana ila kwa masharti mazito, lazima kuwe na sababu kubwa ya kumshitaki, dawa iwe na uwezekano mkubwa wa kumrudisha kwenye hali ya kusikiliza kesi bila madhara ya kumharibia utetezi wake, kusiwe na njia nyengine nyepesi, na iwe inafaa kwa afya yake yeye. Tuangalie sharti la madhara, tusiliruke. Dawa za zamani, hizi haloperidoli na sindano ya mwezi ya flufenazini ambazo ndo rahisi kupatikana kwenye nchi za kipato kama chetu, zinamkaza mtu misuli, zinamtetemesha mikono, zinamfanya awe mzito wa uso, na mshitakiwa mwenye uso mzito asiyeonesha huzuni mbele ya hakimu anaonekana hajutii. Kumbe ni dawa. Wakili asipolisema hakuna atakayelisema, na kuna dawa za kupunguza ukakamavu huo, aulizwe daktari.

Haya, tuseme yote yamekwenda. Uamuzi maalumu umetoka, kijana hana hatia kwa maradhi, daktari kaandika kwamba amepata nafuu na anaweza kurudi nyumbani akiendelea na sindano. Hapo ndo niliposema mlango haukutengenezwa. Faili likapanda juu likakaa pahala. Ofisi siitaji, na sidhani kama kulikuwa na mtu mbaya aliyelikalia, lilikuwa halina tarehe, na faili lisilo na tarehe linakaa chini ya yale yenye tarehe, hiyo ndo tabia ya meza yoyote ya serikali duniani. Msimu wa karafuu ukapita.

Kisha lilipoinuka likaja suali ambalo sheria haikuliandika kabisa lakini ndo linaloamua kila kitu: nani anampokea? Daktari hawezi kumtoa mtu akamuacha getini. Anataka kumjua atakayemuangalia, atakayempeleka sindano, atakayepiga simu akiona usingizi umekatika tena. Ami yake akasema kwake haingii. Mama alikuwa tayari lakini nyumba yake na ya mwenye ngarawa zinatazamana. Sheha akasema barua ya kumpokea hataiandika mpaka mtaa ukubali, na mie sikumlaumu, yeye ndo atakayeamshwa usiku.

Tukaenda kwa mwenye ngarawa. Mzee wa watu, kakaa kimya muda mrefu, mwisho akasema: "Mie nishamsamehe kwa Mungu. Lakini ngarawa yangu nani ananipa? Na akiacha dawa, nani atanambia?"

Yale masuali mawili nimeyabeba mpaka leo kwa sababu ni ya haki kabisa, na mfumo wetu hauna jawabu lake. Kesi imekwisha na aliyeumizwa hakuambiwa chochote, alisikia barazani tu kwamba kijana kaonekana hana hatia, akafahamu kuwa kaonekana hakuichoma! Hakuna aliyemueleza kwamba mahkama imesema kaichoma, na imesema kwanini haiwezi kumuadhibu. Uingereza, walewale waliotuachia sheria hii, sasa hivi mgonjwa aliyefanya kosa zito anapotolewa hutolewa kwa masharti, akae wapi, aonane na nani, atibiwe wapi, na akiyavunja au hali ikirudi nyuma anaweza kurudishwa hospitali bila ya kufanya kosa jipya, na tokea sheria ya 2004 aliyedhuriwa kwenye makosa makubwa ya ukatili ana haki ya kuarifiwa na kutoa maoni yake. Hilo lingekuwa jawabu la suali la pili la mzee.

Kwa ngarawa, ilibidi iwe sulhu. Mama aliuza mikarafuu miwili, na ndugu wa Unguja wakachanga, haikufika bei ya ngarawa lakini mzee aliipokea mbele ya sheha na watu wazima, na barua ikaandikwa siku ile ile. Kwa hiyo mukiniuliza yule kijana alitolewa na sheria ipi, nitasema alitolewa na mama yake. Na nnaumia nikifikiria wale ambao mama zao wameshakufa.

Wenzetu mambo haya wamekwenda nayo mahkamani wakashinda, na tunatakiwa tuyajue. Marekani, jimbo la Indiana, kijana kiziwi asiyesema anaitwa Theon Jackson alishitakiwa kwa wizi mara mbili, jumla ya vitu vyote dola tisa. Akaonekana hawezi kufahamu kesi, akaamriwa akae hospitali mpaka apone, na madaktari wenyewe walisema hali yake si ya kupona. Ni kama kifungo cha maisha kwa dola tisa na bila kukutwa na hatia. Mwaka 1972 mahkama ya juu ikasema haiwezekani, ukimuweka mtu kwa sababu hawezi kusimama kizimbani basi muweke kwa muda wa kuridhisha wa kujua kama ataweza, ikionekana hataweza fuata utaratibu wa wagonjwa wa kawaida au muachie. Uingereza nako zamani baraza la kupitia wagonjwa hawa lilikuwa linamshauri waziri tu, 1981 mahkama ya haki za binadamu ya Ulaya ikasema haitoshi, mgonjwa lazima awe na pahala penye uwezo wa kisheria wa kuamuru atolewe, na sheria yao ya 1983 ikalipa baraza uwezo huo. Kenya, hapo jirani, 2018 jaji wa Mahkama Kuu Kisumu alisema kile kifungu cha kumuweka mtu kwa ridhaa ya rais bila ukomo kinapingana na katiba yao. Na 2003 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Purohit na Moore dhidi ya Gambia, iliikuta sheria ya Gambia ya kuwaweka ndani wagonjwa wa akili, sheria ya 1917, imevunja Mkataba wa Afrika, na moja ya sababu ni kwamba aliyewekwa hakuwa na pa kukata rufaa wala pa kupitiwa upya. Mkataba huo na sie tumo ndani yake. Na ule wa Umoja wa Mataifa wa watu wenye ulemavu Tanzania iliuridhia 2009, unasema ulemavu peke yake usiwe sababu ya kumnyima mtu uhuru wake.

Nnachokitaka ni kidogo na hakihitaji jengo jipya. Nataka sheria iseme kila mtu aliyewekwa kwa amri ya namna hii faili lake lirudi mbele ya jaji kila baada ya miezi sita, litake lisitake, daktari aseme hali yake, familia iitwe, aliyedhuriwa aarifiwe, na jaji awe na uwezo wa kusema atoke na kwa masharti gani. Tarehe tu. Sindano nazo zisikatike vituo vya afya vya Pemba, mana tunamtoa mtu kwa sharti la sindano kisha anaambiwa dawa haijaja, njoo wiki ijayo, na familia iliyovunjiwa ahadi ya dawa haitompokea tena siku ya pili.

Kama sasa hivi una mtu wako ndani kwa amri kama hii, usisubiri uitwe. Nenda kwa karani na namba ya kesi, uliza amri ya kuchunguzwa ilitoka tarehe ngapi na inauliza nini, kama ni leo tu au na siku ile. Uliza kama kosa lake lina dhamana, mana sheria hizi zenye asili moja, ile ya Kenya kifungu cha 162 inasema wazi, zinaruhusu mtu asiyeweza kusimama kizimbani kukaa kwao kwa dhamana ya kutunzwa ikiwa kosa lenyewe linadhaminika, na mawakili wengi hawaombi. Kusanya kadi zote za zamani za kliniki hata zilizochanika, hizo ndo ushahidi wa siku ile. Andika majina ya waliomuona kabla ya tukio. Nenda kwa sheha mapema, kabla hajaombwa barua. Na nenda kwa yule aliyedhuriwa, mkiwa na mtu mzima anayeheshimika mtaani, mumueleze nyinyi wenyewe kabla barazani hapajamueleza.